Mto Ukibadilika Rangi

Wenyeji wa Morogoro huuita mji wao "mji kasoro bahari". Maana yake ni kwamba hapa kila kitu kipo ila bahari tu: milima ipo, mabonde yapo, matunda yapo, reli ipo, na maji yapo. Hilo la mwisho ndilo ninalotaka tulizungumze wiki hii, kwa sababu kila masika wasikilizaji huniuliza swali lile lile. Mvua imenyesha usiku kucha, mlima umejifunika mawingu, mto umejaa hadi unanguruma. Mbona bombani hakuna maji, au yakija yana rangi ya chai ya maziwa?

Swali hili ni la haki. Wengi hulijibu kwa hasira kwamba watu wa idara ya maji wamelala, na pengine mara nyingine hasira hiyo ina sababu. Lakini jibu lenyewe ni refu kuliko hivyo. Linaanzia kwenye miteremko ya Uluguru na kuishia katika kikombe cha mtoto wako. Tukilielewa tutajua pia namna ya kujiandaa na mvua kubwa, maana dhoruba na maji machafu si mambo mawili. Ni jambo moja.

Tuanze na mlima. Uluguru ni mojawapo ya milima ya Tao la Mashariki, safu inayotoka Taita nchini Kenya hadi Udzungwa. Kilele cha Lupanga, kinachoutazama mji wetu, kina zaidi ya mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na kile cha Kimhandu, kusini zaidi, kinapita mita 2,600. Upepo wenye unyevu hutoka Bahari ya Hindi, ukavuka tambarare za Pwani, ukaugonga mlima huu, ukapanda, ukapoa na kuangusha mvua. Ndiyo maana sehemu za juu za upande wa mashariki hupata zaidi ya milimita 2,000 za mvua kwa mwaka, wakati sisi wa mjini, tulio upande wa pili, kwa kawaida hatufiki 1,000. Si ajabu kwamba akina Kingalu, machifu wa Kinole, walipata sifa Uluguru nzima kwa kazi ya kuombea mvua. Waliishi mlangoni mwake.

Mvua hiyo ndiyo inayozaa mito yetu. Mto Morogoro na Mto Bigwa hushuka moja kwa moja mjini. Mto Ngerengere huingia katika bwawa la Mindu, lililojengwa miaka ya 1980, ambalo ndilo tegemeo kubwa la mji. Mgeta, Mvuha na mito mingine huungana na Ruvu, na Ruvu huteremka hadi mkoa wa Pwani, ambako mitambo ya Ruvu Juu na Ruvu Chini huyasukuma maji hadi Dar es Salaam. Kwa hiyo udongo unaong'oka katika shamba la mtu wa Mgeta au Matombo si habari ya mtu huyo peke yake. Oktoba 2022, Ruvu ilipopungua, wakazi wa Dar es Salaam waliingia katika mgao mkali wa maji. Mwaka mwingine mto huo huo hufurika na kukata barabara. Mlima ni ule ule.

Sasa turudi kwenye bomba. Maji ya mto au ya bwawa yakifika katika mtambo hupitia hatua kuu tatu. Kwanza hutiwa dawa ya shabu, ambayo huyakusanya matope madogomadogo yakawa mabonge na kuzama. Pili hupitishwa katika chujio la mchanga. Tatu hutiwa klorini ya kuua vijidudu. Utaratibu huu hufanya kazi vizuri maji yanapokuwa na tope la kawaida. Mvua kubwa ikinyesha, mto hubeba udongo mara nyingi zaidi kuliko siku nyingine. Hapo shabu nyingi zaidi huhitajika, machujio huziba upesi, na kila yanapooshwa huoshwa kwa maji safi yale yale ambayo yangekuja kwako. Kibaya zaidi, tope huila klorini kabla haijawafikia vijidudu, na vijidudu vyenyewe hujificha ndani ya chembe za udongo.

Mwendesha mtambo hubaki na njia mbili: apunguze maji, au afunge kabisa mpaka mto utulie. Hivyo basi, bomba kukauka wakati wa mvua mara nyingine ni dalili kwamba mtu fulani amekataa kukuletea tope. Kosa si kufunga. Kosa ni kufunga bila kuwaambia wananchi.

Kuna jambo la pili ambalo wengi hawalijui. Bomba lenye maji husukuma nje. Likiwa na ufa, maji hutoka. Bomba tupu hufanya kinyume chake. Likikauka huvuta ndani, na kama limelala ndani ya mtaro uliojaa maji ya mvua na maji ya vyoo, huvuta hayo hayo. Kwa sababu hiyo maji ya kwanza baada ya bomba kukauka ndiyo ya kuogopwa kuliko yote. Yaache yatoke mpaka yatakate, uyatumie kufulia au kudekia. Usiyaweke katika mtungi wa kunywa.

Hayo ni ya mjini. Kwa wenzetu wa mlimani rangi ya mto ina ujumbe mzito zaidi, na historia ya Uluguru inautolea ushahidi.

Tarehe 23 Februari 1970 mvua kubwa iliipiga Mgeta. Kwa muda usiozidi saa tatu ilinyesha kiasi cha milimita 100. Watafiti wawili, Anders Rapp wa Sweden na Paul Temple wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda kuikagua miteremko ile. Walikuta ardhi imeporomoka mahali zaidi ya 1,000. Walipotazama zilikotokea poromoko hizo, waliona kwamba karibu zote zilikuwa katika mashamba na katika majani ya mashamba yaliyopumzishwa. Zilizotokea ndani ya msitu hazikufika hata moja kwa kila mia.

Sababu yake haina uchawi. Mti una mizizi inayozama na kuushika udongo wa juu ukaungana na wa chini. Majani yake huivunja nguvu tone la mvua, na mboji iliyo chini yake hunyonya maji kama sifongo, kisha huyaachia kidogokidogo kwenye chemchemi. Mteremko ulio wazi hauna breki hiyo. Maji huingia, udongo hulemaa, na siku unapozidiwa huteleza wote kwa mkupuo. Maji yasiyoingia ardhini hukimbia juu yake, yakichukua udongo, samadi, kinyesi na dawa za shambani. Mlima ulioachwa wazi hukuletea mafuriko na maji machafu katika masika, na mto mkavu katika kiangazi.

Wala tusidhani kwamba mambo haya yaliishia mwaka 1970. Mvua za El Nino za 1997 na 1998 ziliharibu barabara na reli nchi nzima. Januari 2014 mafuriko yalikata barabara ya Morogoro kwenda Dodoma katika eneo la Dumila, wilayani Kilosa. Tarehe 3 Desemba 2023 tope na mawe vilishuka kutoka Mlima Hanang hadi Katesh, mkoani Manyara, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Mwezi Mei 2024 kimbunga Hidaya kilifika karibu na Mafia. Kilipungua nguvu kilipokaribia nchi kavu, na watu wa Pwani walikuwa wamekwisha kupewa habari siku kadhaa kabla.

Habari hizo hutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, nasi watangazaji kazi yetu ni kuzisoma. Lakini kusomewa si kuelewa, na maneno yanayotumika yana daraja zake. Ukisikia "angalizo", ambalo rangi yake ni ya njano, maana yake ni kaa macho na ufuatilie. Ukisikia "tahadhari", yenye rangi ya chungwa, maana yake ni anza kuchukua hatua. Ukisikia "tahadhari kubwa", yenye rangi nyekundu, jambo ni zito na hatua unatakiwa uwe umekwisha kuchukua. Asiyejua tofauti ya maneno haya huyasikia yote kama neno moja, na baada ya mara tatu huzima redio.

Mtu anayekaa bondeni au kando ya mteremko hatakiwi kusubiri redio peke yake. Mlima nao hutoa taarifa. Tazama kama kuna nyufa mpya katika ardhi iliyo juu ya nyumba. Tazama kama miti au nguzo zilizokuwa wima zimeanza kuinama, kama mlango uliokuwa ukifunga sasa unagoma, kama chemchemi imetokea mahali ambapo haikuwapo. Zaidi ya yote, utazame mto. Ukiwa safi halafu ukageuka tope ghafla, ardhi imekatika huko juu. Na iwapo mvua inaendelea kunyesha lakini mto unapungua, usishangilie. Huenda poromoko limeuziba mahali, maji yanajikusanya nyuma yake, na yakivunja yatakuja na miti na mawe. Hapo chukua watoto na wazee, panda pembeni juu ya mteremko ulio imara. Usikimbie kufuata bonde. Vyombo utavirudia.

Barabarani nako sheria ni fupi. Maji yanayokimbia yanayofika nusu ya muundi wa mguu yanaweza kumwangusha mtu mzima, na yakifika magotini huweza kusukuma gari dogo. Hujui pia kama chini yake daraja bado lipo. Subiri. Maji ya mlimani hupanda upesi na kushuka upesi.

Sasa twende nyumbani, maana maandalizi ya dhoruba huanzia kwenye madumu. Katika mafuriko maji ni mengi kila mahali na ya kunywa hakuna. Mtu mmoja anahitaji kiasi cha lita 5 kwa siku za kunywa na kupikia. Familia ya watu 6 kwa siku 3 inahitaji lita 90. Hayo ni madumu matano ya lita 20, na nyumba nyingi zinayo. Yasiwe yaliyowahi kuwekwa mafuta ya taa au dawa ya wadudu. Yaoshwe kwa sabuni na changarawe, yajazwe kabla mvua haijaanza, yafungwe vifuniko na kuwekwa juu ya meza au kichanja. Maji ya kunywa yamiminwe. Mkono au kikombe kisichovywe ndani.

Mwenye paa la bati ana kisima juu ya kichwa chake. Hesabu yake ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la mita za mraba 40 katika mvua ya milimita 50 hupokea lita 2,000. Hata zikipotea 400 njiani, 1,600 zinabaki, nazo ni madumu 80. Yale ya mwanzo yaache yaende, kwa maana yameosha vumbi na mavi ya ndege. Yanayofuata, pamoja na kuwa meupe, yachemshwe.

Kuhusu kusafisha maji, nitaeleza kwa utaratibu kwa sababu hapa ndipo tunapokosea wengi. Maji ya tope usiyatie dawa moja kwa moja. Yaache yatulie, hata usiku mzima. Kwa kina mama wanaojua kazi ya mbegu za mlonge, zikitwangwa na kukorogwa vizuri huzamisha tope kwa namna inayofanana na shabu. Lakini haziui vijidudu vyote. Mimina maji ya juu taratibu kupitia kitambaa safi kilichokunjwa mara kadhaa. Baada ya hapo, ama uyachemshe mpaka yatokote kwa nguvu angalau dakika moja, ama utie dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti na kungoja nusu saa. Vipimo vya dawa hizi havilingani. Kidonge kilichotengenezwa kwa ndoo ya lita 20 si cha kikombe.

Ni lazima pia niseme ukweli ambao haupendezi. Kuchemsha huua vijidudu, lakini hakuondoi sumu. Wachimbaji wadogo wa dhahabu wamekuwa wakifukua kingo za vijito vya Uluguru, na penye dhahabu mara nyingi hutumika zebaki. Bustani za mboga hupigwa dawa za wadudu. Vitu hivyo vikiingia mtoni, sufuria na moto havitakusaidia. Dawa yake ni kuvizuia visiingie, na hiyo si kazi ya mama mwenye sufuria. Ni kazi ya serikali ya kijiji, ya Ofisi ya Bonde la Wami/Ruvu na ya sheria. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka kingo za mto. Pita kando ya mito yetu uhesabu mwenyewe hatua ngapi zimebaki kati ya mto na jembe, au kati ya mto na ukuta wa nyumba.

Mvua ikikatika, watu hudhani hatari imepita. La hasha. Ndipo ya pili inapoanza. Choo cha shimo kilichofurika kimeyatoa yaliyomo. Kisima kilichofunikwa na mafuriko kihesabiwe kuwa kichafu mpaka kitolewe maji na kutiwa klorini. Mlipuko wa kipindupindu ulioanza Dar es Salaam Agosti 2015 ulisambaa hadi mikoa mingi, Morogoro ikiwamo, na uliendelea kwa miaka. Mtu akianza kuharisha maji kama yaliyooshea mchele, usisubiri asubuhi. Mpeleke kituo cha afya, na njiani aendelee kunyweshwa maji ya ORS. Kama pakiti haipo, chukua lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa, ukoroge. Mtoto haui upesi kwa kuharisha kama anavyouliwa na ukavu.

Nimeacha la mwisho liwe lile gumu. Tumekwisha ona kwamba mlima wenye miti na makinga maji hutupa maji safi. Basi nani ayachimbe, na kwa gharama ya nani?

Wakoloni walijibu kwa amri. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 walileta mpango uliowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa nzito, udongo usio na rutuba ulifukuliwa ukaja juu, mavuno hayakuonekana, na asiyechimba aliadhibiwa. Julai 1955 ghasia zilizuka Matombo, polisi wakafyatua risasi, mtu mmoja akafa, na mpango ukavunjika. Waluguru hawakukataa kuutunza mlima wao. Walikataa kutumikishwa.

Kuanzia mwaka 2006 njia nyingine ilijaribiwa Kibungo Juu, upande wa mashariki. Mashirika ya CARE na WWF yaliwakutanisha wakulima wa mlimani na watumiaji wa maji ya Ruvu walioko chini, wakiwamo wasambazaji wa maji wa Dar es Salaam na kampuni ya vinywaji. Mkulima aliyechimba matuta, kupanda miti na nyasi za kushika udongo alilipwa kitu. Fedha hazikuwa nyingi, na mradi kama miradi mingine ulikuwa na mwisho wake. Lakini wazo lake lilikuwa la haki: anayekunywa amchangie anayelinda. Msitu wa juu ulitangazwa kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia mwaka 2008, nalo ni jambo jema. Hata hivyo mashamba yanayoporomoka yako chini ya mpaka wa hifadhi, mikononi mwa watu wenye ekari moja au pungufu na watoto wa kusomesha. Kumwambia mtu huyo asilime mteremko, bila kumwonyesha atakula nini, ni kurudia mwaka 1955 kwa maneno ya upole.

Kwa hiyo nina maombi matatu. Kwa wenye mamlaka ya maji: mtambo unapozidiwa na tope, tuambieni saa hiyo hiyo, kwa redio, kwa simu, hata kwa gari la vipaza sauti, kwamba maji ya leo si ya kunywa bila kuchemshwa. Kwa halmashauri zetu: sehemu ya ankara tunayolipa mjini ipande mlimani, ikawe miche, nyasi na ujira wa mkulima. Na kwako msikilizaji: usitupe taka mtaroni, maana mtaro ulioziba leo ndio utakaolowesha kitanda chako kesho.

Masika huanza Machi. Madumu matano, kitambaa safi, pakiti mbili za ORS na dawa ya kutakasa maji havihitaji mradi wala mfadhili. Vitafute wiki hii, wakati jua bado linawaka.